Afande wa Maiti

Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa saba, Jumamosi, alasiri, ziwa lilimchukua mume wangu wakati boti waliyopanda ikirudi Ujiji. Mwili wake haukuonekana. Naliandika hilo mwanzo kwa sababu kila anayekuja kunipa pole huuliza kwanza amezikwa wapi, nami hulazimika kuanza upya, na kila nikianza upya ni kama naisukuma ile boti majini kwa mikono yangu mwenyewe.

Sitataja jina la mtu, hata lake. Yeye asingependa, na sababu itaonekana mbele.

Watu wa hapa walimwita Afande mpaka mwisho, ingawa alikuwa amestaafu na sare zake nilishazikunja sandukuni zamani. Hata mimi nilimwita Afande, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Wavuvi walikuwa na jina lao jingine, walilolisema akishapita: Afande wa Maiti. Alilijua. Siku moja alilisikia pale mwaloni tunaponunua dagaa, akageuka akasema, "Mwenye maiti aseme, asiye nayo aniuzie samaki." Walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo.

Alitoka Kondoa, nchi kavu. Aliletwa Kigoma akiwa askari kijana, akapanga chumba Rusimbi, jirani na nyumba ya mama yangu. Ndivyo tulivyojuana. Alipoliona ziwa mara ya kwanza, aliniambia baadaye, aliogopa kama mtoto, na hakuacha kuogopa. Hakujifunza kuogelea. Tulipohamia Ujiji, bibi mmoja wa Kiha tunayepakana naye uani, anayekaanga migebuka ya kuuza, alimtania miaka yote:

"Mrangi wewe, ukianguka kwenye karai la kufulia tutakuzika."

"Mtanizika kwa harufu ya samaki wako," alimjibu, "siyo kwa maji."

Sasa bibi huyo akipita uani kwangu akakuta karai lina maji, huyamwaga na kuligeuza juu chini. Nami simwulizi.

Hakuwa malaika. Ujanani alikuwa na mkono mwepesi, na wapo watu Rusimbi waliokula makofi yake. Mmoja alikuja baada ya ajali, akakaa mkekani kwetu, akasema, "Kofi lake bado nalisikia sikioni. Lakini ndiye aliyemleta kaka yangu." Akamaanisha maiti ya kaka yake.

Hilo la kuleta maiti lazima nilieleze, maana ndiyo kazi aliyoifanya kuliko nyingine zote, na ndiyo iliyomwondoa.

Ziwa letu huua. Upepo wa kusini ukianza kuvuma kiangazi, mawimbi husimama ghafla, na mtumbwi ambao asubuhi ulitoka kwa nyimbo, jioni hurudi umepinduka au haurudi. Aliyezama huibuka baada ya siku chache mbali na alipozamia, na wa kwanza kumwona ni mvuvi. Lakini wavuvi walikuwa na desturi yao. Wakikuta maiti inaelea, waliisukuma kwa kasia iende zake, wakageuza chombo. Siyo kwamba hawakuwa na huruma. Walisema anayeleta maiti ndiye wa kwanza kuulizwa aliitoa wapi, na atakaa akijibu maswali huku boti yake imeshikiliwa, na giza zima lipite, yaani zile siku zisizo na mwezi ambazo dagaa hufuata taa. Giza likikupita, nyumbani mnalala njaa.

Mume wangu alipangiwa ufukweni, akawa ndiye anayesimama na akina mama wanaolia wakitazama maji. Aliniambia kwamba kulia kwa mwenye maiti na kulia kwa asiye na maiti ni sauti mbili tofauti. Nilimwambia kulia ni kulia.

Ikamsumbua. Siku moja alikwenda mwaloni bila kofia ya kazi, akakaa na wavuvi wakishona nyavu. Nilikuwepo, nilikwenda kuchukua dagaa wangu wa kuanika.

"Kwa nini mnawasukuma?" akawauliza.

"Afande, tukileta tunakuwa sisi ndio wauaji," mmoja akasema.

"Nani kakwambia?"

"Kwani wewe ni nani? Si wewe utakayeniandika?"

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Akawaambia hivi: mkimkuta, mleteni mpaka mchangani. Mfunikeni kwa majani ya mchikichi. Chomekeni mti, fungeni kitambaa cheupe, kisha nendeni zenu. Kitambaa nikikiona nitakuja. Sitauliza jina la mtu.

"Na wakubwa zako wakikuuliza?"

"Nitasema ameonekana ufukweni. Si ndipo atakapokuwa?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Vitambaa nilivichana mimi. Alinunua bafta nyeupe, nikaikata vipande, nikavipinda kingo kwa mkono ili visifumuke kwa upepo, akavigawa mwaloni kama mtu anayegawa peremende. Alikaripiwa kazini zaidi ya mara moja kwa kutokuwa na majina ya walioleta. Cheo kilichelewa. Lakini watu walianza kurudi kwao. Asubuhi mtu angepita dirishani na kusema, "Afande, kuna kitambaa," naye angevaa mkanda wake na kutoka. Mkanda ule ulikuwa wa zamani, mpana, wa ngozi ya kahawia, bizimu yake ya shaba aliing'arisha kwa majivu na ndimu. Alisema mtu anapokwenda kumchukua marehemu asiende suruali ikimvuka.

Alipostaafu niliacha kuchana vitambaa. Nilifikiri imekwisha. Wavuvi wengi wakarudi kusukuma maiti kwa kasia, kwa sababu askari wapya hawakuwa wameahidi lolote na hakuna aliyewauliza. Ila waliopotelewa waliendelea kuja kwetu. Walijua kwamba Afande akishuka naye kwenye boti, vijiji vya ufukweni vitamwonyesha kilichofichwa.

Jumamosi ile alikuja mzee kutoka Simbo, mkulima wa mihogo. Mwanawe alikuwa amekwenda kuvua kwa kibarua, akazama. Mzee alikuwa amesikia kuna mwili umesukumwa na maji hadi kijiji kimoja kusini na watu wanaogopa kuugusa. Mzee huyo hakuweza hata kukaa kwenye kiti. Alikaa kizingitini.

Nilimwambia mume wangu tukiwa jikoni, "Huoni miti inavyoinama?"

"Naiona."

"Basi nendeni kesho."

"Mama, mtazame yule baba pale mlangoni. Kesho yake iko wapi?"

Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo, mgebuka uko kwenye mawese. Akafunika chungu mwenyewe, akasema atakula akirudi. Akavaa mkanda. Sikumsindikiza hata hadi barabarani kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Yaliyofuata nayajua kwa mzee wa Simbo na mwenye boti, ambao walipona. Walifika, wakamkuta marehemu, mume wangu akazungumza na wanakijiji mpaka wakawasaidia kumbeba. Akamfunga kwenye turubai, kisha akalifunga turubai kwa kamba kwenye mbavu za boti. Alikuwa na desturi hiyo. Alisema ziwa likishamtoa mtu, lisimdai mara ya pili. Wakiwa njiani upepo ukaongezeka, maji yakaingia, boti ikalala upande. Mwenye boti na mzee walishika mbao. Mume wangu alishika dumu tupu. Walimwona mara ya kwanza, wakamwona mara ya pili yuko mbali, kichwa juu, dumu kifuani, anapelekwa. Hawakumwona mara ya tatu.

Boti ilivutwa na wengine hadi Ujiji, na yule marehemu alikuwa bado amefungwa. Amezikwa Simbo. Mzee wake alipokuja kwangu alijaribu kunishika mkono, akashindwa, akasema, "Mama, kamba ilibaki. Ilikuwa inatosha na yeye."

Hadi leo nikifumba macho naiona kamba hiyo.

Kuanzia hapo sikutaka kitu kingine chochote duniani isipokuwa nimpate nimzike. Mimi na binti yetu tulipita ufukwe kila alfajiri, Ujiji hadi Kibirizi, tukirudi juani. Tulifunua kila rundo la majani. Tulikuta mbwa, tulikuta magunia, tulikuta kiatu kimoja ambacho binti yangu alikikumbatia kabla sijamwambia kwamba baba yake hakuwahi kuwa na kiatu cha namna ile. Tuliwapigia wafanyabiashara wanaokwenda ng'ambo, Kongo, tukawaomba waulize. Walituuliza alama zake. Nilisema, mrefu, mvi, mkanda wa kahawia.

Shemeji yangu alipiga simu kutoka Kondoa. "Shemeji, tuje au tusije?"

"Sijui."

"Tukija, tunakuja kwenye nini?"

Hakuwa na ubaya. Lilikuwa swali la haki. Wanawake walioleta uji na maharage hawakujua waseme pole na msiba au pole na matatizo. Wengine walisema yote mawili. Matanga hayakuwekwa, kwa hiyo hayakuanuliwa. Watu walipungua mmoja mmoja, kila mmoja akitafuta udhuru, na mkeka ukabaki sebuleni kwa sababu sikujua kama naruhusiwa kuukunja.

Nikaenda kwa shekhe. Nilitaka kukaa eda, kama mwanamke yeyote aliyefiwa, nivue bangili, nivae nyeupe, nikae ndani kwa muda wangu, nimwombee. Nilitaka na swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti asiyekuwepo. Shekhe wetu ni mtu mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Aliyeonekana mara ya mwisho yuko hai na ameshika dumu, mama, siwezi kusema amekufa. Wangapi wameokotwa ng'ambo wakarudi? Subiri."

"Nisubiri nikiwa nani, shekhe?"

"Ukiwa mke wake."

Nilirudi nyumbani nikiwa mke wake. Nilipika chakula cha wawili kwa siku kadhaa, siyo kwa matumaini, bali kwa kutojua. Nilipopitiwa na usingizi niliota amekaa upande wa pili wa ziwa, ananiona, na hawezi kuvuka kwa sababu hajui kuogelea. Nilimchukia kwa hilo. Nilimchukia pia kwa kumfunga mtu wa watu na kujiacha. Kisha niliona haya, kisha nikamchukia tena. Nilifikia mahali pa kusimama majini hadi magotini na kumwambia Mungu kwamba hata mkono tu, hata mkono mmoja, nitauosha, nitauvika sanda, sitadai mwingine. Binti yangu alinivuta kwa kanga.

Mwezi mwingine ukaandama. Siku moja mchana nilikuwa uani namenya mihogo nikasikia hodi. Alikuwa mvuvi, mtu mzima, si kijana. Uso wake naujua, na boti yake anapoifunga napajua. Sitasema zaidi.

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alishika kofia yake mikononi, akaitazama. "Mama, samahani. Afande siku ile alikuwa amevaa mkanda wa namna gani?"

Kisu nikakiweka chini. Nikamweleza: mpana, wa kahawia, bizimu ya shaba.

Akakaa chini palepale, juu ya maganda ya mihogo.

"Basi ndiye," akasema. "Tulimkuta siku ya tatu yake. Mbali sana, huko maji yanapokuwa meusi. Alikuwa kifudifudi. Hatukuwa tumesikia habari, tulikuwa kambi ya uvuvi. Mwenzangu akasema huyu ni wa ng'ambo, msukume. Nikamsukuma. Alipogeuka ubavu, mkanda ukawaka juani. Nikajiambia, mkanda kama wa Afande. Lakini Afande haingii majini, kila mtu anajua. Tukaenda zetu."

Bibi wa migebuka alikuwa ametokea upande wa pili wa uzio. Alisikia yote. Aliweka mkono mdomoni.

Sikulia. Nilimwuliza kama alikuwa ameharibika.

"Hapana, mama. Alikuwa bado mtu."

"Ulimsukuma kuelekea wapi?"

"Mama, ziwa halina kuelekea." Kisha akaanza kulia yeye, kwa sauti, mtu mzima mwenye mikono ya nyavu. "Vitambaa vyake nilishawahi kuvifunga mimi. Mara mbili. Hakuniuliza jina. Na mimi nikamsukuma kwa kasia."

Nilimwacha alie. Aliponyamaza nikamwambia kwamba sitamwuliza jina, ila nina haja moja. Twende kwa shekhe, yeye na mwenzake, wamwambie tu kwamba walimwona amekufa. Nipate kuwa mjane.

Akasimama. "Na wakisikia kwamba tulisukuma maiti ya polisi?"

"Shekhe siyo kituo."

"Maneno yana miguu, mama." Lakini baadaye akasema, "Ijumaa. Baada ya swala. Nitakuja naye."

Ijumaa nilikaa nje ya msikiti, upande wa wanawake, toka khutba haijaanza. Watu waliswali, wakatoka, wakavaa viatu, wakaagana. Wauza karanga waliondoka. Binti yangu alikuwa amesimama njia panda ili awaone mapema. Hawakuja. Nilingoja mpaka shekhe mwenyewe akatoka kunifuata.

Nikamwambia kuna mtu amemwona mume wangu amekufa.

"Nani?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko mahali pote nilipopita. Neno moja lingetosha. Ningesema ni yule anayefunga boti yake mahali fulani, naye angeitwa, na angesema, maana si mwongo. Mume wangu angeswaliwa jioni ile ile. Nilikuwa na neno hilo mdomoni, lina uzito kama jiwe. Nikawakumbuka wale waliokuwa wakishona nyavu, na mmoja akimwuliza Afande, si wewe utakayeniandika?

"Sikumwuliza jina," nikasema.

"Mama, unanipa ushahidi usio na mtu."

"Ndiyo, shekhe."

Akatazama chini. "Kwa huo sitaweza kuswalisha. Unayoyajua moyoni mwako, mimi siyajui. Mungu anayajua."

Nilirudi nyumbani. Nikavua bangili, moja iligoma, nikatumia sabuni. Nikavaa kanga nyeupe. Mkeka niliukunja. Bibi wa migebuka akaja akanikuta nimekaa, akashika kiuno.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakaa eda."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

"Na wakisema yuko Kongo anakula ugali?"

"Hayuko Kongo. Ulisikia mwenyewe."

"Nilisikia. Nauliza wakisema." Akakaa karibu yangu, akavuta pumzi. "Na akirudi?"

"Akirudi nitampikia."

Akafuta macho kwa mkono unaonuka samaki, akanisukumia sahani aliyokuja nayo. Sikuweza kula. Akala yeye, polepole, ili nisikae peke yangu.

Watu wamesema. Wengine wanasema nimemwua mume wangu kwa kanga. Shemeji alipopiga simu na kusikia, alikata, kisha akapiga tena akaomba radhi, nami nikasikia mbuzi wa kwao. Mvuvi yule sijamwona. Sikumlaani. Nilijaribu kumlaani usiku mmoja, ikanishinda.

Halafu juzi asubuhi, binti yangu alirudi kutoka kuchukua maji akikimbia, ndoo ameiacha njiani.

"Mama, kuna kitambaa ufukweni!"

Nilisimama. Nilifika mlangoni, mguu mmoja umevuka kizingiti, nikakumbuka kwamba niko edani, sitoki. Nikamwambia, "Nenda. Chukua kanga yangu, umfunike uso. Nenda!" Akakimbia, na bibi wa migebuka akamfuata, mzee yule, akikimbia na mwiko mkononi. Nilibaki nimeshika miimo ya mlango. Nilisema kwa sauti kila dua niliyofundishwa na nyingine nikazichanganya. Nilimwambia binti aliyeshafika mbali asogeze majani taratibu. Nilifikiri sanda iko wapi, maji ya kumwoshea yatatosha, nani atamwita shekhe. Nilikuwa, Mungu anisamehe, na furaha.

Walirudi wakitembea.

Chini ya majani ya mchikichi palikuwa na mchanga tu. Yalikuwa mabichi, yamepangwa vizuri kwa urefu wa mtu, mti umechomekwa kichwani, kitambaa kimefungwa. Walichimba kwa mikono, hawakupata kitu. Binti yangu aliniambia hayo akitazama ukuta.

Kitambaa alikuja nacho. Kilikuwa cha zamani, kimegeuka rangi, lakini kingo zake zilikuwa zimepindwa kwa mkono, na mpindo nikautambua kuwa wangu. Nikamjua aliyemchomekea mti yule aliyeshindwa kumleta. Kilikuwa kimelowa. Nilikikamua, nikakianika kwenye kamba ya uani, nikarudi ndani nikakaa.